Meno ya Maji ya Bati

Kila asubuhi kabla ya chai, mama yangu alinibana kichwa katikati ya magoti yake akanisugua meno kwa unga wa jiwe mpaka fizi zitoke damu. Alikuwa na mikono ya mwanamke aliyetwanga muhogo tangu utotoni. Ukitaka kupiga kelele, kidole chake kilichofungwa kitambaa kilikuwa kimeshajaa kinywani, na kelele yako iliishia kooni. Watu wa Mabanga, mtaa wetu, waliopita nje ya uzio walikuwa na haki ya kudhani tunachinja mbuzi.

Jiwe halikutafutwa mbali. Goma haijawahi kukosa mawe, mji wenyewe umekaa juu ya moto uliopoa. Kuna lile jiwe jeusi jepesi lenye matundu, ambalo wanawake hulitumia kusugulia visigino. Mama alilivunja kwa nyundo, akalitwanga, akauchekecha unga wake kwa kipande cha pazia kuukuu, akauchanganya na unga wa makala, yaani mkaa, na kuuweka katika kopo la maziwa. Asubuhi alichovya kidole humo, akakamulia ndimu juu yake, na kazi ikaanza.

Sababu ya kazi hiyo ilikuwa aibu. Mama alizaliwa Maniema, katika familia ya Waislamu wafanyabiashara, na meno yake yalikuwa meupe kama ya watu wote wa kwao. Baba yangu, dereva wa lori wa hukohuko, alimleta Goma akiwa bibi harusi. Hapa akamzaa kaka yangu, akanizaa na mimi, na meno yetu ya utoto yalipong'oka tukaota meno ya kahawia. Sisemi ya njano. Yalikuwa ya kahawia, yenye michirizi na madoa, na mengine yalikuwa na vishimo vidogo utadhani yameliwa na mchwa. Nusu ya watoto wa mtaani kwetu walikuwa nayo. Wenyeji waliyaita meno ya hapa na kuendelea na shughuli zao.

Mama hakuweza kuendelea na shughuli zake. Shangazi yetu alikuja kutusalimu kutoka Kindu, huko Maniema, akatutazama vinywani tukiwa tunacheka, akamgeukia mama.

"Hawa batoto yako, banasukulaka kinywa kweli?"

Basi. Shangazi alikaa wiki, akala, akaondoka, lakini swali lake lilibaki nyumbani. Kwa mama, meno ya kahawia yalikuwa uchafu, na uchafu wa mtoto ni uvivu wa mama yake. Mswaki wa mti haukuuondoa. Dawa ya meno ya dukani haikuuondoa. Ndipo akaingia kwenye mawe, na akishaingia kwenye jambo mama yangu hatoki.

Kaka yangu alikuwa karibu kumaliza shule ya sekondari na alitaka kucheka mbele ya wasichana bila kuweka mkono mdomoni. Alikwenda kwa mama mwenyewe, akalaza kichwa, akavumilia. Na lile jiwe lilifanya kazi, lazima niseme ukweli. Mwezi baada ya mwezi ile kahawia ikafifia, kisha ikatoka, na chini yake kukawa na weupe usiong'aa, weupe wa chaki. Mama alimpitisha kwa majirani wote. Hakujali kwamba kaka aliacha kunywa maji ya baridi na kwamba chai ya moto ilimtoa machozi.

Mimi sikulaza kichwa. Nilizaliwa na hasira, mkunga mwenyewe alisema hivyo, na nilimng'ata mama yangu. Nilimng'ata mara nyingi, lakini siku moja nilimng'ata kidole mpaka nikausikia mfupa. Alinizaba kofi nikaangukia jiko la makala, na mpaka leo nina alama ya ukingo wake kwenye paja. Mama alifunga kidole chake, akanitazama nikipaka maji baridi pale nilipoungua, wala hakunisaidia.

"Kaa na uchafu yako," akasema.

Nikakaa nao. Nilifurahi mno kumshinda, na nilicheka kwa makusudi kila mgeni alipoingia uani.

Wakati huo baba alikuwa ameshakufa. Aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani katika uasi wa miaka michache kabla. Mwenzake aliyekuwa naye alitueleza kwamba askari walimuuliza anatoka wapi, akajibu kwa Kiswahili chake cha Maniema, nao hawakuipenda lafudhi ile siku ile. Hawakumuuliza kitu kingine. Lori lilirudi, yeye hakurudi. Tangu hapo mama alipokaribia kizuizi alinyamaza kabisa, akatuachia sisi watoto kuongea, kwa sababu sisi tulisema kama watu wa Goma.

Kisha mlima wa volkano ulio juu ya mji ukapasuka. Wengi wameshaeleza moto ulivyoshuka mjini na kupita katikati ya nyumba, nami sitashindana nao. Nakumbuka joto usoni, mapipa ya mafuta yakilipuka nyuma yetu, na watu wakikanyagana kuelekea barabara ya Sake. Nilimwona mzee akiangushwa na baiskeli na miguu mia ikipita juu yake bila mmoja kusimama, yangu ikiwemo. Mama alikuwa na nafasi ya kuingia chumbani mara moja tu. Karte ya shule ya kaka, yaani kitambulisho chake, cheti cha ndoa na karatasi zote zenye majina yetu vilikuwa kabatini, na huko viliungua. Yeye alitoka na sufuria, vitenge viwili na kopo lake la unga wa jiwe. Nilipomwona akilisukumiza ndani ya furushi nilitaka kulia kwa hasira. Nilimwambia kwamba ana wazimu, mbele ya watu, naye akanisukuma mgongoni nitembee.

Tulilala Sake kwa watu tusiowajua, ardhi ikitikisika chini ya mikeka. Habari zilipofika kwamba upande wa Ndosho, magharibi mwa mji, bado umesimama, watu walianza kurudi, nasi tukarudi nao kwa miguu, asubuhi, vumbi jeusi likitusaga macho.

Kabla ya kuingia Ndosho kulikuwa na kizuizi. Ilikuwa kamba tu iliyofungwa vipande vya plastiki, ikitoka kwenye pipa mpaka kwenye jiwe kubwa. Askari walikuwa vijana waliojaa woga na pombe. Kulikuwa na uvumi kwamba wapiganaji wa porini wanajichanganya na wakimbizi ili waingie mjini wakati mji umelemaa. Wale vijana walitaka karte, na nani angekuwa na karte? Nyumba zilikuwa zimeungua. Kila mtu alisema, nimezaliwa hapa, na kila mtu alisema kwa kilio kilekile.

Mmoja wao, aliyekuwa kama mkubwa wao, alikuwa mtoto wa mji huu. Nilijua mara tu alipofungua mdomo, kwa sababu meno yake yalikuwa ya kahawia kuliko yangu. Naye alikuwa amegundua njia yake ya kuwapima watu. Alisimama kwenye kamba, akiwaambia wanaume na vijana mmoja mmoja wafungue vinywa. Mwenye meno ya kahawia alipita. Mwenye meno meupe alipelekwa kukaa kando ya mtaro. Kwenye mtaro walikuwa wameshakaa wanaume kadhaa, mikono kichwani, na mmoja alikuwa amelala kifudifudi bila kusogea. Nzi walikuwa wameshamfikia.

"Mutu ya Goma iko na meno ya Goma," yule askari alikuwa akisema, akifurahia akili yake.

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na alikuwa amebana midomo.

Mimi nilipita kwa sababu nilikuwa msichana mdogo, na kwa mzaha yule askari aliniambia nionyeshe na mimi. Nikaonyesha. "Weye ni ya kwetu, pita." Kisha akamfikia kaka, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba namna mnunuzi anavyomkagua mbuzi. Akacheka.

"Huyu ametoka pori."

"Hapana shefu, miye ni wa Mabanga," kaka akasema.

"Na meno ulikopa wapi?"

Mama hakuweza kunyamaza. Alitupa furushi chini akaingia kati yao. "Shefu, papa, ni mutoto yangu, nilimuzala hapa, nakuapia kwa Mungu, nilimuzala hapa hapa Goma!" Maneno yalimtoka kwa ile lafudhi ya Maniema, nzito, isiyoweza kufichika. Askari wote wakageuka.

"Na weye mama, ile Swahili yako ni ya Goma?"

Mama akafunga mdomo. Nilimwona akimkumbuka baba. Askari mmoja akampiga kaka teke nyuma ya magoti, akaanguka, wakamburuta kwa kola ya shati mpaka mtaroni. Mwingine akampiga mgongoni kwa kitako cha bunduki, na nikasikia pumzi yote ikimtoka kwa mara moja. Wakaanza kumuuliza ametumwa na nani. Kila alipojibu kwamba hakutumwa, walimpiga.

Hapo ndipo mama alipopiga magoti barabarani akafungua furushi. Akatoa kopo. "Ni miye nilimusugula," akamwambia yule mkubwa wao. "Meno yake ilikuwa kama ya dada yake. Miye mwenyewe niliitosha ile rangi na jiwe ya volkano. Tazama, minakuonyesha." Kisha akanigeukia. Katika maisha yangu yote mama hakuwahi kuniomba kichwa changu, alikishika tu. Siku ile aliniita.

"Kuya, mama," aliniambia nije, akinibembeleza kwa jina la mama, kwa sauti ndogo. "Fungula kinywa."

Nilikwenda. Nilijilaza mwenyewe kwenye changarawe, nikaweka kichwa katikati ya magoti yake, nikafungua kinywa kadiri kinavyoweza kufunguka. Alichovya kidole kwenye unga akaanza. Ndimu haikuwepo, na mate yangu yalikuwa yamekauka kwa woga. Alisugua jino moja, la mbele, la juu. Alisugua, akatazama, kahawia ilikuwa palepale. Yule askari akasema mama huyu anatupotezea wakati. Mama akaliacha kopo, akaokota jiwe pembeni ya barabara, lile lile jeusi lenye matundu, akalishika kwa ngumi, akanisugua nalo.

Sauti yake naisikia hadi leo nikilala kwa upande wa kushoto. Haiingii masikioni, inatembea ndani ya mifupa ya uso. Mdomo wangu wa juu ulichanika, damu ikanijaa kooni nikaimeza ili nisikohoe, kwa sababu nilijua nikikohoa atasimama na akisimama wataendelea kumpiga kaka. Nilishika kitenge cha mama kwa mikono yote miwili. Machozi yake yalinidondokea machoni, naye hakupunguza nguvu hata kidogo. Nilimchukia na nilimpenda kwa pamoja, na nilitamani jiwe liwe kali zaidi ili tumalize. Kidole kilichoshika kidevu changu kilikuwa kile chenye kovu la meno yangu.

Mwishowe akanifuta damu kwa upindo wa kitenge, akaniinua kichwa. "Tazama, papa."

Yule askari akainama. Akalikwaruza jino langu kwa ukucha. Nusu ya chini ilikuwa imekuwa nyeupe, ile ya chaki, na nusu ya juu ilikuwa kahawia kama kawaida. Akawaita wenzake waje waone. Walikuja, walicheka, walinishika kidevu kwa zamu. Kisha nikamwona akipitisha ulimi juu ya meno yake mwenyewe, polepole.

"Na ya kwangu inaweza kutoka?"

"Inatoka, shefu," mama akajibu. "Ni kuvumilia tu."

Akalichukua kopo akalitia mfukoni mwa koti. Akawapigia wenzake kelele wamwachie yule kijana, ni mutoto ya mama. Kaka akainuka akiwa ameshika mbavu, akaanza kutembea kutujia. Alikuwa karibu kufika kwetu. Yule aliyempiga mgongoni, labda hakuridhika, labda alikuwa na aibu ya kuonekana amekosea, alimzungukia mbele akamtandika kitako cha bunduki mdomoni.

"Sasa hakuna mutu atakuuliza tena ile meno," akasema, na akarudi kukaa kwenye pipa.

Hakukuwa na sauti kubwa. Meno yalivunjika na kaka akakaa chini, akitazama viganja vyake. Mama akatambaa barabarani akiokota vipande kimoja kimoja kutoka kwenye vumbi, akavifunga katika pembe ya kitenge, akamshika kaka mkono, akanishika na mimi, tukapita chini ya kamba. Hakuna aliyetuzuia. Wale wengine tuliwaacha mtaroni, nami sijui walifanywa nini.

Mama alikuwa na imani kwamba meno huunganishwa. Mji ulipoanza kupumua alitupeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja wa upande wa Bukavu aliyetibu watu katika chumba kisicho na dirisha zima. Mama alifungua fundo la kitenge akavimwaga vile vipande kwenye meza. Daktari hakumcheka. Aliviangalia kwa muda, kisha akatoa kwenye chupa jino la mgonjwa mwingine, la kahawia, alilokuwa amelipasua katikati, akaviweka pamoja karibu na mwanga.

Alituonyesha ukingo. Jino lina gamba gumu la nje, alisema, linaitwa enameli, na hakuna kitu kigumu kuliko hilo mwilini mwa mtu, hata mfupa. Lakini halina uhai. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inarudi, gamba hili likishaondoka halirudi. Kwenye lile jino la kahawia gamba lilikuwa nene, ungeweza kuliona kwa macho. Kwenye vipande vya kaka, upande wa mbele, lilikuwa limebaki kama karatasi. Ndimu iliulainisha uso wake, jiwe likaukwangua. Ndiyo maana chai ilimliza.

"Na ile uchafu?" mama aliuliza.

Daktari akamweleza kwamba haukuwa uchafu. Ni kitu kilichoingia ndani ya gamba lenyewe wakati jino bado linajengwa chini ya fizi, mtoto akiwa mdogo. Kilitoka kwenye maji. Moshi wa mlima una vitu vinavyoshuka na mvua, mvua inapiga bati, bati linajaza pipa, na mtoto anakunywa. Meno yakishaota, hata ukisugua mwaka mzima unaondoa gamba tu. Mtoto akitakiwa kulindwa, alindwe kabla: apewe maji mengine ya kunywa mpaka afike kama miaka minane, hata ya bomba yana afadhali. Baada ya hapo ni mswaki laini, mkono mwepesi, hakuna jiwe, hakuna makala, hakuna ndimu.

Mama alikuwa ametazama ule ukingo mwembamba tu. Nadhani hakusikia nusu ya maneno.

"Kama singesugula," akasema, "ingevunjika?"

"Mama, bunduki inavunja meno ya namna yote," daktari akamjibu.

Hilo nalo hakulisikia. Alivikusanya vile vipande akavifunga tena, na kwa miaka mingi vilikaa chini ya godoro lake. Hakumgusa mtu kinywani tena, na alipomwona kaka akila kwa upande mmoja wa mdomo aliondoka mezani.

Sasa niseme habari ya binti yangu. Nilimzaa humu humu Goma, na tangu aache ziwa nilikataa asinywe maji ya bati. Nilibeba madumu kutoka bombani, nikachemsha, nikamwekea ndoo yake peke yake yenye kifuniko. Majirani walinicheka kwamba nalea mzungu. Niliwajibu vibaya, kama ninavyojibu watu. Jino langu la nusu lilinitosha kuwa sababu: upepo tu ukilipiga, maumivu hupanda mpaka jichoni.

Binti alikuwa na miaka mitano hivi uasi mwingine ulipokaribia. Siku watu wa kambi ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, waliposhuka wote kwa pamoja, magodoro kichwani, mabomu yakiwafuata, tulijua yamefika. Mizinga ilitikisa mabati. Kombora liliangukia nyumba iliyo mtaa wa pili, nikamwona mama wa nyumba ile akiwa amekaa barabarani na mkono wake ameupakata, mkono ambao haukuwa tena begani mwake. Umeme ukakatika, pampu zikasimama, bomba likakauka. Kwenye ndoo ya mtoto kulikuwa na maji kidogo nikampimia kwa kikombe. Kaka yangu alikuwa amekuja kujificha kwetu kutoka Ndosho, alikokuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, na mchana ule tulikuwa sote chini ya meza na kando ya ukuta.

Nilimwambia mtoto avumilie kiu. Akaniambia hana kiu.

"Koko ananipatiaka mayi ya pipa," akasema, akimtaja bibi yake. "Anasema ni dawa ya kunipatia meno ya hapa."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nilimgeukia mama, aliyekuwa akiishi nami. Alikuwa amekaa na tasbihi yake, na hakukwepa macho yangu. Ilikuwa kila siku, akasema, tangu uvumi wa vita uanze, kikombe kimoja nikiwa sokoni. Mimi niliyemng'ata hadi mfupa, nilipata hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilikiona kile kikombe pembeni yake, cha bati, nikakinyakua nikakitupa ukutani, na nje bomu likapiga wakati huohuo, mtoto akapiga yowe akidhani ni kikombe changu kilicholipuka. Nilimwita mama mchawi. Nilimwambia alituharibu sisi wawili kwa jiwe, sasa anataka kumharibu na huyu kwa maji, na kwamba mtu wa namna yake hastahili kushika mtoto.

Mama aliacha nimalize. Kisha akasema, "Meno meupe ilinivunjia mutoto. Siku batamufungulisha kinywa huyu mudogo, nani atamusugulisha nyuma? Rangi ya kahawia hairudi na jiwe."

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haijibu.

Kaka ndiye aliyejibu. Hakuwa mtu wa maneno, hasa tangu siku ile. Alitia vidole kinywani akatoa meno yake ya bandia, akayaweka kwenye mkeka mbele ya mama, yakiwa na mate. Hakuwahi kufanya hivyo mbele yetu. Uso wake ulibonyea ukawa wa mzee.

"Mama, angaria miye," akasema, akipeperusha herufi kwa sababu ya pengo. "Ile siku, hawakunipiga juu ya meno. Walikuwa wanatafuta mutu wa kupiga. Ningekuwa na meno ya kahawia, wangesema ni viatu. Papa yetu, walisema ni Swahili yake. Sasa utamunywesha huyu mutoto nini, ili asipigwe?"

Mama aliyatazama yale meno. Alinyoosha mkono akayachukua, akayafuta kwa upindo wa kitenge chake, kwa mkono mwepesi kabisa, akamrudishia. Kisha alilia kwa sauti, kilio kirefu ambacho hakulia kwa baba wala kwa nyumba wala kwa vile vipande, na mabomu hayakumnyamazisha. Nilisogea nikakaa karibu naye. Sikuomba radhi, sisi si watu wa namna hiyo, lakini nilikaa bega kwa bega mpaka alipochoka.

Siku iliyofuata risasi zikiwa bado zinalia mitaani, mama alichukua dumu akateremka ziwani, bomba linakochukua maji yake, pamoja na wanawake wengine. Niliporuka kumzuia alikuwa ameshapita kona. Alirudi mchana, dumu limejaa, kitenge chake kina damu ya mtu mwingine aliyekuwa mbele yake kwenye njia. Alichemsha yale maji kwa makala ya mwisho tuliyokuwa nayo, akayapoza, akayamimina kwenye ndoo ya mtoto, akafunika.

Meno ya mbele ya binti yangu, yale ya ukubwani, yameshaota. Ni meupe. Karibu na fizi kuna madoa madogo kama chokaa, hayo ni ya vile vikombe, na hayamsumbui. Yalipochomoza alimkimbilia koko wake amwonyeshe, na mama alitia mikono yake nyuma ya mgongo kabla ya kuinama kutazama. Siku hizi mama anampigia mswaki laini kwa maji tu na dawa kidogo, nami simwachi peke yake kazi hiyo, lakini simfukuzi.

Watu wanampenda mtoto kwa meno yale, kila duka linamtaka acheke. Kaka yangu alikuwa sahihi katika yote aliyosema siku ile, naamini kila neno. Hata hivyo kamba zimerudi barabarani na mapipa yamerudi, wamesimama vijana wengine wenye woga uleule, na tukikaribia ninamfinya mkono mara moja, naye anajua, anafunga mdomo. Kisha ninacheka mimi. Ninacheka kwa mdomo wote, mpaka fizi, askari ayaone vizuri meno yangu ya kahawia na lile moja la nusu, mpaka atupungie mkono tupite.